Sauti ya Inkware: Raha ya Kuwinda Ndege kati ya Giheta na Muyinga

Muhula uliopita, katika somo la vyanzo vya historia, mhadhiri alitupa kazi ya nyumbani. Kila mmoja alitakiwa kuleta chanzo kimoja cha historia ya kwao ambacho hakimo katika nyaraka za serikali wala za misheni. Wenzangu walileta vitu vya kueleweka. Mmoja alileta picha ya harusi ya babu na bibi yake, mwingine kitambulisho cha wakati wa Wabelgiji, mwingine wimbo wa kubembeleza mtoto. Mimi nilileta simu. Ndani yake mlikuwa na sauti ya dakika nne: babu yangu, mzaliwa wa Giheta, amekutanisha viganja vyake mdomoni na kuita kama inkware dume alfajiri. Darasa zima lilicheka. Mhadhiri hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Hiki ni chanzo cha historia ya nini?" Sikuwa na jibu, nikakaa. Insha hii ni jibu lililochelewa.

Inkware wa Kirundi ndiye kwale wa Kiswahili sanifu: ndege mwenye umbo la kuku mdogo, hodari wa kukimbia kuliko kuruka, anayependa kuishi pale shamba linapokutana na kichaka. Jamaa yake mkubwa ni kanga, kwa Kirundi inkanga. Hao wawili ndio waliokuwa mawindo ya wavulana na wazee wasio na bunduki katika vilima vya kati vya Burundi. Wanahistoria wa uwindaji wameandika sana juu ya tembo, simba na nyati, na sababu inaeleweka: wanyama hao waliacha nyuma yao pembe, ngozi, mizani za wafanyabiashara na kesi za mahakamani. Kwale aliacha mifupa midogo tu, nayo mbwa aliimaliza jioni ileile.

Kuna kitu kimoja alichoacha, nacho ni jina. Malcolm Guthrie, aliyechapisha mabuku yake ya isimu linganishi ya Kibantu kati ya 1967 na 1971, aliyaorodhesha maneno yote mawili, kanga na kwale, miongoni mwa mizizi inayorudiarudia katika lugha nyingi za familia hii. Mshona wa Zimbabwe husema hanga, Mchewa wa Malawi husema nkhanga, Mrundi inkanga, Mswahili kanga. Watu hawabebi jina la ndege kwa vizazi vingi na umbali mkubwa namna hiyo kama hawana shughuli naye. Waliokuja kulima katika nchi za Maziwa Makuu walikuja na mbegu, majembe na mifugo, na pia walikuja wakijua kumwita huyu ndege kwa jina, na huenda kumwita kwa sauti yake. Mwanahistoria Kathryn de Luna, katika kitabu chake cha 2016 kuhusu jamii za Zambia ya leo, anatumia maneno kama haya kuonyesha kwamba uwindaji haukufa kilimo kilipoingia. Kinyume chake, mkulima mwenye ghala ndiye aliyepata nafasi ya kuuona uwindaji kuwa ustadi wa kujivunia. Nilipoisoma hoja hiyo nilimkumbuka babu moja kwa moja. Hakuwahi kuwinda kwa njaa. Alikuwa na ndizi, maharage na muhogo. Aliwinda kwa sababu nyingine, ambayo ndiyo mada yangu.

Kabla ya kurudi Giheta, naomba msomaji avuke bahari pamoja nami kidogo, kwa sababu kanga naye alivuka. Katika karne ya 16 Waingereza walimfahamu kanga kama ndege aliyeletwa na wafanyabiashara wa himaya ya Waturuki, wakampa jina la nchi hiyo: turkey. Baadaye kidogo alifika ndege mwingine kutoka Marekani, mkubwa zaidi, naye wakamchanganya na yule wa kwanza. Jina likahama. Kanga wetu akapokonywa jina, na bata mzinga akabaki nalo hadi leo. Linnaeus naye akaongeza makosa juu ya makosa: alipowapanga ndege wa dunia katika karne ya 18, bata mzinga alimwita Meleagris, ambalo ni neno la Kigiriki cha kale la kanga. Wafaransa, ambao lugha yao tunaisoma shuleni Burundi, walimwita dinde, yaani wa India, nako hakuwahi kufika kwa asili yake. Na sisi Waswahili tusiwacheke sana, maana tumemwita bata ndege ambaye hana ubata wowote.

Nalitaja hili kwa sababu huyo mrithi wa jina la kanga ana mapenzi ya ajabu kwa wawindaji wa Marekani. Huko, kila majira ya kuchipua, kuanzia Machi hadi Mei kutegemea jimbo, maelfu kwa maelfu ya watu huamka usiku wa manane na kwenda kukaa chini ya mti, wamevaa nguo za rangi ya majani, hawatikisiki. Bata mzinga dume hulala juu ya mti, na kunapopambazuka hunguruma ili majike wamsikie wamfuate. Mwindaji hulia kama jike. Hutumia kisanduku cha mbao, kipande cha ubao wa mawe, au mfupa wa bawa la bata mzinga mwenyewe, chombo ambacho wenyeji wa bara lile walikijua kabla ya Mzungu kufika. Kwa desturi jike ndiye humwendea dume. Mwindaji anataka dume aje kwake, kinyume cha maumbile, na dume husita, hunguruma, hukaribia, hurudi nyuma. Saa mbili zinaweza kupita. Wanaosimulia uwindaji huu hawazungumzii nyama. Husimulia jinsi moyo ulivyodunda waliposikia jibu la kwanza gizani.

Niliposoma maelezo hayo nilishtuka. Lau ningebadilisha jina la ndege na la mti, ningekuwa nimemsikia babu.

Babu alifundishwa na kaka yake mkubwa katika miaka ya 1950, walipokuwa wakichunga mbuzi kwenye miteremko ya Giheta. Wakati wake mzuri ulikuwa mwisho wa mvua kubwa kuelekea ici, kiangazi kirefu, nyasi zikiwa bado zimesimama lakini zimeanza kukauka, maana nyasi kavu husema kila mguu unapokanyaga. Aliondoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili. Jioni ya siku iliyotangulia alikuwa amekwisha kupita kusikiliza kwale wanaitana kutoka kwenye vichuguu kabla ya kulala, akaweka alama akilini: mmoja pale penye mvule, mwingine ng'ambo ya kijito. Kila dume ana eneo lake, na mpaka wake hulindwa kwa mdomo. Kwa hiyo babu hakulia kama jike. Alilia kama dume mgeni aliyeingia bila hodi. Mmarekani humdanganya ndege kwa mapenzi. Babu alimdanganya kwa wivu.

Tanzi zake zilikuwa za nyuzi za katani zilizosokotwa pajani, zikafungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa nusu duara mbele ya kichuguu. Nyuma ya kichuguu alilala kifudifudi. Sasa nanukuu kutoka kwenye mahojiano yetu, maana sina maneno mazuri kuliko yake: "Ukiita mara moja, unyamaze. Mwenye eneo lake haamini masikio yake, anataka kusikia tena. Ukirudia haraka, anajua wewe ni mtoto. Ngoja mpaka wewe mwenyewe uanze kuwa na shaka kama uliita. Hapo ndipo uite mara ya pili." Nilimuuliza: na akijibu, babu, ulijisikiaje? Alicheka, akatazama viganja vyake. "Mjukuu wangu, mtu mmoja tu duniani amekujibu, na si mtu."

Hapa ndipo nadhani raha ya uwindaji huu inapokaa. Anayewinda kwa mbwa na mikuki humfuata mnyama anayekimbia, na furaha yake ni ya kundi: kelele, mbio, njuga za mbwa, kugawana nyama mezani au chini ya mti. Anayeita humngoja ndege anayekuja kwa hiari yake, na kwa muda ule lazima ajue mambo ambayo ndege anajua: wapi mpaka, nani jirani, saa ngapi pana usalama. Raha yake ni ya kusikika na kueleweka na kiumbe kisichokuwa na sababu ya kukuelewa. Siyo raha isiyo na doa. Ni hila, na mwisho wake kuna shingo iliyovunjwa. Babu hakulificha hilo, na hata leo husema kwamba dume jasiri ndiye aliyekufa kwanza, mwoga akabaki kuzaa.

Wala si jambo la Giheta peke yake. Upande wa Kenya, kando ya Ziwa Nyanza, Wajaluo hunasa tombo, ambao huwaita aluru, kwa kutundika vikapu vidogo juu ya mti mrefu uliosimikwa shambani. Ndani ya kila kikapu mna tombo dume aliyefugwa. Alfajiri wafungwa hao huita, wenzao wa porini hushuka, na chini huwa wamezungukwa na tanzi. Hapo sauti haikuigwa, imefugwa. Ustadi umehama kutoka kwenye viganja vya mwindaji hadi kwenye kuchagua ndege anayeita vizuri na kumtunza aendelee kuita.

Turudi Burundi, na turudi nyuma. Mtu anayekuja Giheta leo kutafuta historia hupelekwa Gishora, kilometa chache kutoka mjini Gitega, mahali ambapo ngoma za kifalme huhifadhiwa na ambapo kumbukumbu ya Mwami Mwezi Gisabo na ushindi wake dhidi ya waasi bado inasimuliwa. Ni mahali pazuri na ngoma zake hutetemesha kifua. Lakini ngoma ni sauti ya ufalme, na ufalme ulikuwa na uwindaji wake. Jina la kifalme Ntare maana yake ni simba. Msitu wa Kibira, kwenye mgongo wa milima kati ya Kongo na Nile, ulikuwa eneo la uwindaji la Wami, na Watwa, wawindaji na wafinyanzi wa nchi hii, walijua njia zake kuliko mtu yeyote. Katika mpango huo mnyama mkubwa alikuwa na mwenyewe. Kwale hakuwa na mwenyewe. Alikuwa wa mchunga mbuzi. Ndiyo maana hakuna ngoma iliyopigwa kwa ajili yake, na ndiyo maana pia hakuna aliyejali mvulana alipomkamata.

Nilipoanza utafiti huu nilikuwa na jibu mkononi, kama wanafunzi wengi wa historia tulivyo. Nani aliua uwindaji wa babu? Sheria ya mkoloni. Na ushahidi ulikuwa mwingi. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yenye leseni na ada, wakati Burundi ilikuwa koloni kwenye ramani tu. Mwezi Gisabo hakukubali mamlaka ya Wajerumani hadi mkataba wa Kiganda, tarehe 6 Juni 1903, na kituo cha kijeshi cha Kitega kilianzishwa 1912. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalikutana London na kutia sahihi mkataba wa kuhifadhi wanyama na ndege wa Afrika. Haukuanza kutumika kamwe, kwa kuwa wote hawakuuridhia, lakini fikra zake zilibaki: bunduki yenye leseni ni mchezo wa waungwana, nyavu na mashimo ni ukatili wa kupigwa marufuku au kubanwa. Mkataba wa pili wa London, wa 1933, ukaongeza mitego na tanzi kwenye orodha ya njia zisizofaa. Wabelgiji, walioichukua Burundi mwaka 1916 na kuiunganisha kiutawala na Kongo mwaka 1925, walikuwa na amri ya Kongo ya tarehe 21 Aprili 1937 juu ya uwindaji na uvuvi. John MacKenzie alikwisha kuieleza hali hii vizuri kwa makoloni ya Waingereza katika kitabu chake cha 1988: mzungu akiua ni spoti, Mwafrika akiua ni ujangili. Njia ya maskini ndiyo iliyofanywa kosa.

Mwaka huohuo wa 1937, Marekani ilipitisha sheria iliyoelekeza ushuru wa bunduki na risasi za uwindaji kwenye kazi ya kuwarudisha wanyamapori. Bata mzinga wa porini walikuwa wamekaribia kwisha. Kwa fedha hizo na kwa kuhamisha ndege hai kutoka jimbo moja hadi lingine, walirudi kwa mamilioni. Wawindaji wakakubali masharti: wakati wa majira ya kuchipua majimbo huruhusu kuua madume, majike waachwe walalie mayai, na katika majimbo mengi ni marufuku kumwita ndege kwa mashine ya sauti. Mwindaji na aite mwenyewe. Naiona tofauti hiyo kuwa kubwa kuliko tofauti ya utajiri. Kule anayependa kuwinda alifanywa mlinzi wa ndege, hata kama ni kwa faida yake. Huku aliambiwa aondoke.

Hoja hiyo niliiandika vizuri, kurasa tano, kisha nikaenda Giheta kumsomea babu. Alisikiliza hadi mwisho kwa adabu. Kisha akasema: "Sheria ilikuwa ya wenye bunduki. Mimi hakuna askari aliyepanda kilima kunitafuta kwa ajili ya inkware." Kurasa tano zikaanguka.

Ninakiri kwamba nilikasirika kidogo. Nilimuuliza basi ni nini. Akaanza na kichaka. Alionyesha kwa kidole: pale palikuwa na nyasi kufika kifuani, sasa ni shamba la maharage, pale penye kichuguu ni nyumba ya mtoto wa jirani, kijito kile kilikuwa na matete, sasa kinalimwa kila kiangazi. Burundi ni nchi ya kilometa za mraba 27,834, na leo kila kilometa moja ina wastani wa watu zaidi ya 400. Giheta ni miongoni mwa sehemu ambazo kilima kimoja kinalimwa kutoka kileleni hadi bondeni. Kanga waliondoka kwanza, akasema, hata kabla ya uhuru wa 1962, kwa sababu wanahitaji nafasi ya kutembea kwa kundi. Kwale walivumilia. Kwale anaweza kuishi kwenye ukingo wa shamba la mtu, mradi ukingo uwepo. Niliandika: sababu ya kwanza, ardhi.

Halafu akanyamaza, nami nikakosea nikadhani amemaliza. Nilikuwa nimekwisha kuzima simu.

"Na baada ya Ndadaye," akasema, "nani angepiga mluzi kichakani alfajiri?"

Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Jinsi Giheta ilivyoumia siku zilizofuata, Warundi wanajua, na sitaieleza hapa. Kuna watu wanaosoma kitabu hiki ambao wana majina yao ndani ya siku hizo. Ninachotaka kukiandika ni kitu kidogo ambacho sijakikuta katika maandishi ya vita yetu. Katika nchi ambayo watu walilala vichakani ili wasiuawe majumbani, na ambayo wengine waliingia vichakani kuwatafuta, mluzi wa alfajiri haukuwa tena wa ndege. Uliweza kuwa ishara. Aliyeusikia aliweza kukimbia, au kurusha kitu gizani. Mtu aliyelala kifudifudi nyuma ya kichuguu hakuwa tena mwindaji wa kwale. Babu aliita mara ya mwisho mwaka huo, kabla ya Oktoba, na hakuita tena. Mkataba wa amani ulitiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000, mapigano yakaendelea miaka mingine, kisha yakaisha. Kwale wachache walikuwa bado wapo. Yeye hakurudi kichakani. Wanawe, baba yangu akiwemo, hawakufundishwa.

Ile dakika nne iliyowachekesha wenzangu ilikuwa mara yake ya kwanza kuita baada ya zaidi ya miaka 30. Alinitaka tufunge mlango kwanza. Mhadhiri aliponiuliza chanzo hiki ni cha historia ya nini, hilo nalijua sasa kuwa sehemu ya jibu, na nilikuwa nimelikata mwanzoni mwa rekodi kwa kudhani ni kelele tu: mlio wa mlango unaofungwa.

Lakini mwanafunzi wa historia hawezi kuishia kwenye ushahidi wa mtu mmoja, hata akiwa babu yake. Chanzo huhakikiwa. Je, sauti ile ni ya inkware kweli, au ni kumbukumbu ya mzee iliyobadilika kwa miaka? Giheta hapakuwa tena na wa kumuuliza. Dada yake babu aliolewa Muyinga zamani, upande unaoelekea mto Ruvubu, nami nikaenda kwao wakati wa likizo.

Ruvubu ni mto wetu mkubwa, unaopita karibu na Gitega, ukazunguka kaskazini mashariki hadi kuingia Kagera na hatimaye Nile. Mwaka 1980, kwa amri ya tarehe 3 Machi, serikali ilianzisha hifadhi za taifa, na bonde la Ruvubu likawa mojawapo, hekta zipatazo 50,800 katika mikoa ya wakati ule ya Karuzi, Muyinga, Cankuzo na Ruyigi. Familia zilizokuwa zikiishi ndani zilihamishwa. Wajukuu wao wanaishi pembeni, wanaangalia nyati wakila mazao yao, na wakiingia kukata nyasi au kutega wanaitwa majangili. Sina uwezo wa kuwa mwepesi juu ya jambo hili. Bila mpaka ule wa hifadhi, Muyinga ingekuwa kama Giheta, na nisingekuwa na ndege wa kumuuliza. Pamoja na mpaka ule, kuna watu walionyang'anywa makaburi ya wazee wao. Mambo yote mawili ni kweli, na mimi nilikuwa mgeni niliyekula ugali wa wale walio nje ya mpaka.

Nilikaa siku tatu. Jioni nilipita ukingoni mwa mashamba, nje ya hifadhi, nikisikiliza kama babu alivyonielekeza. Walikuwepo. Siku ya tatu niliamka kabla ya jogoo wa pili pamoja na binamu yangu wa miaka kumi na miwili, ambaye alikataa kubaki. Hatukuwa na tanzi. Niliiweka simu juu ya kichuguu, nikarudi nyuma hatua kama kumi na tano, tukalala kwenye umande. Huko Marekani ningekuwa nimevunja sheria ya mashine ya sauti, lakini viganja vyangu havijui kitu, na niliyetaka ahojiwe ni babu, si mimi.

Sauti ya babu ilitoka, ndogo na yenye mkwaruzo. Kisha kimya. Alikuwa amekiacha kile kimya kirefu ndani ya rekodi, kama alivyonifundisha, na mimi darasani nilikuwa nikijuta kutokikata. Nilianza kuwa na shaka kama simu imezimika. Babu akaita mara ya pili.

Ng'ambo ya kijito, dume mmoja akajibu.

Binamu yangu alinishika mkono na kucha zake. Simu ikaita, dume akajibu, karibu zaidi. Nyasi zikasema. Halafu akatoka kwenye njia, shingo nyekundu, manyoya yamesimama, akapanda kichuguu na kukizunguka ile simu mara mbili akimtafuta mvamizi. Alipita juu yake. Akaita palepale, kwa nguvu, kama mtu anayefukuza mgeni barazani, na katika rekodi niliyofanya kwa simu ya binamu sauti hizo mbili zinafuatana, ya mzee na ya ndege, na ni vigumu kusema ya kwanza inaishia wapi.

Mchana nilimpigia babu simu. Nilimwambia yote, haraka, bila mpangilio. Alingoja nimalize.

"Alitokea upande gani?" akauliza.

Nikamwambia alikuwa ng'ambo ya kijito, mbele yetu, lakini alizunguka akatokea kushoto, karibu nyuma yangu.

"Basi alikuona," babu akasema, na nikamsikia anacheka. "Lala chini zaidi."